Maneno yetu ya kulala yamerefuka mno. Nyinyi mnawaaga vipi watoto usiku?

Mama Wawili

Habari za jioni, wapendwa.

Naomba kujua watoto wenu mnawaagaje wakati wa kulala. Sizungumzii kuoga, kupiga mswaki wala hadithi. Nauliza yale maneno ya mwisho kabisa, mzazi akiwa ameshainuka kitandani na mkono uko kwenye swichi ya taa. Najua kila nyumba ina yake, na mengi hayajawahi kutoka nje ya mlango wa chumba cha watoto.

Ya kwetu yalianza binti yangu akiwa bado anajifunza kusema. Nilikuwa namwambia "lala unono," naye anadaka kipande cha mwisho, "nono!" Ulimi ulipokomaa akaongeza la kwake: "Tutaonana lini?" Nikamjibu, "Kukicha." Akauliza, "Ukichelewa kuamka?" Nikamwambia, "Utaniamsha." Tulikaa na hayo kwa muda mrefu na yalitutosha, yeye na mimi.

Sasa ana miaka sita na maneno yamezaana. Baada ya "utaniamsha" inabidi niulize mlango ubaki wazi kiasi gani. Hujibu "kiganja kimoja," nami niweke kiganja kati ya mlango na fremu ili ahakikishe sijampunja. Kisha nimuage dubu wake wa kitambaa kwa jina, halafu sungura ambaye hana sikio moja, kwa jina pia. Kisha nyusi: ya kulia kwanza, ya kushoto baadaye, busu mojamoja. Kisha ana maswali mawili ya nyongeza ambayo hubadilika kila siku, na haya ndiyo yanayonimaliza, maana hayana mwisho (jana alitaka kujua kama samaki hulala wakiwa wamefumba macho). Nikifika ukumbini anaita, "Mama, upo?" Nami: "Nipo." Kimya kidogo. "Mama, upo?" "Nipo." Hiyo huendelea mpaka usingizi umchukue katikati ya neno. Na nikiruka hatua moja tunarudi mwanzo kabisa, hapo hana msamaha.

Mdogo wake wa miaka mitatu analala chumba hichohicho na ana njia yake. Yeye hutangaza, "Mimi silali, nafumba tu." Namjibu, "Haya, fumba." Akishafumba ndiyo basi, hatumsikii tena mpaka asubuhi.

Baba yao baadhi ya wiki huingia kazini usiku. Ana maneno yake na binti ambayo mimi siruhusiwi hata kuyatamka. Siku ambazo hayupo, binti hataki kuyasikia kutoka kwangu, lakini pia analalamika kwamba hajaagwa.

Sitaki kuyafuta. Nayapenda, na kuna siku hizo ndizo dakika pekee ambazo mimi na yeye tumetazamana bila mmoja wetu kuwa ameshika kitu kingine mkononi. Ila yamefika mahali yanakula usingizi wake, asubuhi anaamka analia. Nifupishe vipi bila yeye kuona namnyang'anya? Na nyinyi mnasema nini?

Baba Pacha

Yetu ni mafupi, yachukue ukipenda.

"Duka?"
"Limefungwa." (Hapo macho yanafumbwa.)
"Ufunguo?"
"Chini ya mto." (Hapo mkono unaingia chini ya mto.)

Mkono ukishakuwa chini ya mto, mtoto hajigeuzigeuzi wala havuti shuka la mwenzake. Wangu ni pacha, kwa hiyo hilo ni jambo la maana sana. Kila mmoja ana ufunguo wake na kila mmoja lazima aulizwe peke yake. Tulijaribu kuwauliza kwa pamoja, wakakataa wote wawili. Mtu akitaka mazungumzo baada ya hapo namwambia duka limefungwa, aje kesho. Anaelewa kwamba hiyo ni sheria ya duka, wala haoni kuwa baba anamnyamazisha.

Kuhusu samaki: wengi wao hawana kope za kufumba, wanalala macho wazi. Lakini mwambie mchana, usiku atakuuliza mengine kumi.

Nesi wa Usiku

Dada Mama Wawili, pole na hongera kwa pamoja.

Nauguza wodi ya watoto, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa zamu za usiku. Mzazi anapolazimika kuondoka jioni namuuliza yale ya kawaida: mzio, dawa alizokunywa, kama mtoto bado anakojoa kitandani. Halafu namuuliza, "Mnaagana vipi?" Wengine hushangaa. Wengine huona haya, kisha wananisogelea na kuninong'oneza ili wa kitanda cha pili wasisikie. Nayaandika chini ya karatasi yangu ya zamu, neno kwa neno, pamoja na nani anaanza na nani anamalizia.

Kuna baba aliyekuwa anahesabu vidole vya miguu vya mwanawe, kuanzia kumi kurudi nyuma, sauti ikishuka kila kidole, na kimoja hakihesabiwi: "Hiki cha kesho." Yule mtoto alifungwa bandeji mguu mmoja. Nikamuuliza baba tufanyeje, akaniambia mwanawe ameshaamua, tutahesabu vya mikono. Kuna mama na binti: "Kesho ipo?" "Ipo." "Ya nani?" "Yetu." Kuna bibi aliyekuwa anasoma dua, anapuliza viganjani, kisha anampangusa mjukuu kuanzia kichwani kushuka, na mjukuu anatulia hivyohivyo, hajikuni wala hacheki, mpaka bibi afike miguuni. Na kuna mtoto kiziwi ambaye mama yake alikuwa anamchorea duara kiganjani kwa kidole, kisha anamwachia mtoto kiganja chake akikunje mwenyewe kiwe ngumi. Ngumi inawekwa chini ya shavu. Nilijifunza lile duara, na usiku mama alipokuwa hayupo nikalichora. Mtoto akanitazama, akakunjua, akanipa kiganja tena. Nilizungusha upande usio wa mama yake. Nikachora upya, akakunja, akalala.

Hayo yote yana kitu kimoja, na ndicho ninachotaka ukishike: yana mwisho, na mwisho wenyewe uko mkononi mwa mtoto. Binti ndiye anayesema "yetu." Mtoto ndiye anayekunja ngumi. Watoto wa Baba Pacha ndio wanaoweka ufunguo chini ya mto. Hata kijana wako wa miaka mitatu, wewe unasema "haya, fumba," lakini anayefumba ni yeye, na unaona mwenyewe jinsi anavyolala.

Sasa yatazame ya binti yako. "Tutaonana lini?" ni lake. "Kukicha" ni lako. "Ukichelewa?" lake. "Utaniamsha" lako. Neno la mwisho ni la mama, naye amebaki bila la kufungia. Ndiyo maana kila mwaka anaongeza kitu: mlango, dubu, nyusi, maswali, "upo?" Anatafuta pa kufungia. Mpe jibu moja tu mbele ya "utaniamsha": aseme "Nitakuamsha." Basi. Hilo liwe la mwisho na liwe lake, na wewe usiongeze hata "haya mwanangu" nyuma yake.

Nieleze kwa nini nalichukulia kwa uzito. Kwa mtoto, kulala ni kuachana. Hofu ya kuachwa na mzazi huanza kuonekana karibu na umri wa miezi 8. Giza huanza kutisha baadaye, kwa wengi kuanzia miaka 2 au 3, pale akili inapoweza kuumba kitu kisichokuwepo kabla mtoto hajaweza kukitenganisha na kilichopo. Wa miaka 6 anayeuliza "Mama, upo?" anauliza lilelile alilokuwa anauliza kwa kilio alipokuwa na miezi 8. Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba anaulizia kwenye usingizi.

Usingizi hauendi mfululizo. Huja kwa mizunguko, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine kila mtu hukaribia kuamka, mtoto mara kadhaa kwa usiku. Akikuta mambo yako vilevile alivyoyaacha, anajigeuza na kuendelea. Binti yako anayaacha sauti yako ikiwa ukumbini. Usiku wa manane anakaribia kuamka, anasikiliza, sauti haipo, anaamka kabisa. Kwa hiyo maneno yenu yaishe akiwa bado macho, usingizi umkute peke yake akiwa na mlango wake wa kiganja kimoja, kwa sababu mlango utakuwa vilevile usiku kucha na sauti yako haitakuwa. Huo mlango usimnyang'anye kamwe.

Utaratibu wa kulala umepimwa, hatukisii. Jodi Mindell na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti wa akina mama 405 wenye watoto wachanga na wadogo. Wiki ya kwanza kila mama aliendelea na kawaida yake. Wiki mbili zilizofuata, sehemu yao wakafuata mambo yaleyale kila usiku: kuoga, kupakwa mafuta, kisha utulivu wa kukumbatiana au wimbo, na taa kuzimwa ndani ya dakika 30 tangu kuoga kuishe. Watoto hao walipata usingizi haraka zaidi na waliamka kidogo usiku, na hata hali ya moyo ya mama zao ikawa nzuri zaidi. Mwaka 2015 wakachapisha mwingine wa akina mama 10,085 katika nchi 14: kadiri utaratibu ulivyofuatwa usiku mwingi zaidi katika wiki, ndivyo usingizi wa mtoto ulivyokuwa bora. Usiku ambao umekushinda, basi umekushinda, kesho mnaendelea.

Kuhusu "upo?", jaribu kadi. Patrick Friman na wenzake waliieleza mwaka 1999 kwa ndugu wawili wa kiume, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 10. Mtoto anapewa kadi moja akiwa kitandani. Kadi inamruhusu kutoka mara moja, au kumwita mzazi mara moja, kwa jambo dogo lenye mwisho: maji, choo, kukumbatiwa. Akiitumia anaikabidhi, na usiku umefungwa. Kilio na kutokatoka kwa wale ndugu kulikwisha. Ninavyoelewa mimi, kadi humfaa mtoto kwa sababu anaweza kuishika. Wengi hulala wakiwa wameikumbatia bila kuitumia, kwa kuwa wanajua ipo.

Saa nazo zihesabu kinyumenyume. Jumuiya ya madaktari wa usingizi ya Marekani, AASM, ilipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 5, pamoja na usingizi wa mchana. Kama binti anaamshwa saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu usiku ndiyo mwisho kabisa wa kuwa amelala, na saa mbili ni afadhali. Anza kuagana nusu saa kabla. Simu na runinga ziwe zimezimwa mapema zaidi ya hapo.

La baba yao. Usiyaguse maneno yake hata kidogo. Mtoto anayekataa kuyasikia kwa mtu mwingine anayatunza, na ana haki. Ila usiache pengo. Sema tu: "Baba yuko kazini, maneno yake yanakungoja." Akirudi asubuhi ayaseme hata kama jua limetoka. Nimeona watoto wakiagwa usingizi saa mbili asubuhi na kuridhika kabisa.

Na jambo moja la pembeni kwa yeyote anayesoma. Mtoto akipiga kelele ghafla saa za mwanzo za usiku, macho wazi, hakutambui, hayo si majinamizi. Yuko ndani ya usingizi mzito. Usimwamshe wala usimlazimishe aseme maneno yenu, kaa karibu asiumie, yatapita na asubuhi hatakumbuka. Majinamizi huja zaidi kuelekea alfajiri, mtoto anaamka kweli na anaweza kusimulia. Hapo ndipo maneno yenu hufaa kurudiwa, mara moja, kwa sauti ya chini.

Jirani Mwema

Nitasema tofauti na naomba msinielewe vibaya. Naona tunawabebesha watoto mazoea yatakayowaelemea baadaye. Mimi nililelewa kwa "haya, kalaleni," tukalala. Binti huyu akienda bweni, nani atampimia mlango kwa kiganja? Nani atamuaga sungura? Nina mpwa wangu aliyekesha analia ugenini kwa sababu mwanasesere wake alisahaulika nyumbani, na hakuna aliyejua la kumfanyia. Mtoto ajifunze kulala bila sherehe, ni kumtendea wema.

Nesi wa Usiku

Ndugu yangu, la mpwa wako ni la kweli na nimeliona wodini mara nyingi, tena kwa watoto wanaoingia kwa dharura, ambao hakuna aliyepata nafasi ya kuwafungia hata mfuko. Ndiyo maana nasisitiza maneno kuliko vitu. Sungura hubaki nyumbani, "nitakuamsha" anakwenda nayo popote. Nina watoto waliokuwa wanajiaga wenyewe. Napita na tochi namsikia mtu chini ya shuka anauliza na kujibu kwa sauti mbili: "Kesho ipo? Ipo. Ya nani? Yetu." Alikuwa na miaka saba, na usiku ule hakunihitaji.

Lakini nikuulize. Hiyo "haya, kalaleni," nani alikuwa anaisema?

Jirani Mwema

Mama. Na baada ya hapo baba anazunguka kufunga madirisha, la mwisho ni la chumba chetu. Lilikuwa linakwama, anasukuma, halisogei, analipiga kwa kiganja mara mbili. Nadhani sijawahi kulala kabla ya kulisikia.

Sawa, nimekuelewa. Kuhusu vitu bado sijasogea: kisizidi kimoja, na kiwe kinaingia mfukoni.

Mama Kijana

Natoka upande wa pili wa hili, wangu ana miaka 14. Kwa miaka yote ya udogo wake tulikuwa na "Umeshiba leo?" Sikuwa naulizia tumbo. Nilitaka aniambie kama siku imemtosha. Alikuwa anajibu "nimeshiba" au "bado," na akisema "bado" anapewa dakika tano za kuniambia alichokosa. Nilijua mengi kwa njia ile ambayo mchana asingeniambia: aliyegombana naye, aliyemcheka, mtihani alioukunja na kuuficha.

Alipobalehe mambo yakageuka kwa sababu ambayo sikuitarajia. Miili yao inabadilika, melatonini, yaani ile homoni inayoleta usingizi, huanza kutoka kwa kuchelewa, hivyo usingizi huwajia baadaye sana kuliko walipokuwa wadogo. Kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayelala kwanza! Sina tena mlango wa kusimama nikamuaga. Kwa muda nilijilazimisha kukesha ili nimuage, nikawa hoi asubuhi na yeye akawa anajiona anachungwa.

Siku hizi anakuja yeye. Anasimama mlangoni kwetu, haingii, anasema, "Mama, nazima ya ukumbini." Namwambia, "Zima." Wakati mwingine anakaa pale kidogo kabla ya kuondoka, na hapo najua anasubiri nimuulize. Namuuliza, "Umeshiba?" Akisema "bado," naketi kitandani na yeye anakaa sakafuni, na baba yake hujifanya amelala kwa sababu anajua akiinuka mazungumzo yataisha. Kijana huongea nasi zaidi gizani kuliko mezani.

Nimeandika haya kwa Mama Wawili asiogope kwamba akifupisha atapoteza. Yatabadilika umbo mara nyingi. Ila usiku mmoja binti akikuambia amekua, hataki tena nyusi, mwitikie palepale bila kumwonyesha uso wa huzuni, maana akiuona atakuruhusu umbusu kwa kukuonea huruma, na hapo hakuna anayefaidi.

Baba Pacha

Mama Kijana, hiyo ya "umeshiba" naichukua. Itakaa kabla ya duka kufungwa.

Mama Wawili

Asanteni sana. Nimesoma yote na mume wangu pia amesoma, kazini, wakati wa mapumziko yake.

Nirudishe taarifa. Sikulianza jambo hili usiku. Nilikaa na binti mchana, nikamwambia nataka tuandike maneno yetu ya kulala kwenye karatasi ili hata nikiwa mgonjwa baba aweze kuyafuata. Alifurahi mno. Akayataja yote kwa mpangilio, mimi naandika, yeye anachora pembeni. Tulipomaliza akaitazama karatasi na kusema mwenyewe, "Mama, ni mengi." Nikamuuliza yepi ni ya lazima. Alimwondoa dubu bila wasiwasi, akasema ameshakuwa mkubwa na atamuaga yeye mwenyewe. Sungura alimbakiza kwa sababu ya sikio. Nyusi zimebaki. Mlango umebaki, na hakutaka hata tuujadili. Maswali tumeyahamishia wakati wa kuoga, na la samaki nimeshalijibu, Baba Pacha, likaleta la pili: je, wanaota?

Kisha nikamwambia lile la mwisho. Nikisema "utaniamsha," yeye afanyeje? Nilitaka nimpe jibu la Nesi lakini alinitangulia. Akasema, "Nitakuja na miguu yangu." Hilo ndilo letu sasa. Nikilisikia nazima taa na kutoka, kinywa changu nimekifunga, na niwaambie ukweli, kunyamaza pale ni kugumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu sauti anayolisemea ni ndogo na ina uhakika kabisa.

Kadi alichora mwenyewe, mlango na mkono. Usiku wa kwanza aliitumia kabla sijafika ukumbini, akaomba kukumbatiwa, akaikabidhi, kisha akagundua imekwisha. Alilia kidogo. Nilikaa nilipo, nikaumia, na akalala. Baadaye akaanza kuitunza. Jana nimeikuta asubuhi chini ya shavu imekunjamana.

Baba naye alirudi alfajiri moja akamkuta anaamka, akamwambia maneno yao hapohapo mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni, sikuyasikia, na sijauliza.

Nina maswali mawili kwa Nesi. Akibaki na kadi asubuhi, nimpe chochote? Na huyu mdogo ameanza kuitazama ile kadi sana. Nimtengenezee yake?

Nesi wa Usiku

"Nitakuja na miguu yangu" ni bora kuliko langu. Nitaliandika.

Kadi ikibaki, mpe kitu ambacho hakinunuliwi: achague yeye hadithi ya usiku unaofuata, au wakati wa kuoga maswali yaanze na lake. Liwe dogo, vinginevyo atajinyima hata siku anayokuhitaji kweli, na kadi iliwekwa ili akuite. Akiwa mgonjwa iweke kando kabisa, aite atakavyo. Itakunjamana mpaka ichanike, achore nyingine, wala msiibandike ukutani.

Mdogo mwache. Akiomba kadi mpe, asipoomba usimwongezee. Wa miaka mitatu anayelala kwa "haya, fumba" hana anachokosa.